Kompyuta ya Chama: Mpya au Iliyotumika?



Mwezi huu tuzungumze juu ya kompyuta mpakato. Labda utasema, "Hiyo si mali yangu. Hiyo ni ya watu wa ofisini." Lakini kama wewe ni mwanachama wa chama cha ushirika cha msingi, yaani AMCOS, kompyuta ya chama hununuliwa kwa fedha yako. Fedha hiyo hutoka katika makato ya kila kilo unayouza. Kwa hiyo una haki ya kuuliza inanunuliwa ipi, na kwa nini.

Kwanza jina. Wengi huiita laptopu. Kwa Kiswahili ni mpakato, kwa sababu mtu anaweza kuipakata mapajani kama anavyompakata mtoto. Ina skrini, ina vibonye vya kuandikia, na ina betri yake ndani. Umeme ukikatika haizimiki papo hapo. Hilo peke yake ni jambo kubwa kijijini.

Chama kinaihitaji kwa kazi gani? Tuchukue chama cha wakulima wa korosho kule Mtwara. Huko mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza mwaka 2007. Mkulima anapeleka mzigo wake ghalani. Mzigo unapimwa. Karani anaandika jina la mkulima, kilo, daraja la korosho na namba ya akaunti ya benki. Korosho zikiuzwa mnadani, malipo hupitia benki. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, fedha haimfikii mwenyewe. Na kompyuta ikifa katikati ya msimu, huku orodha imo ndani yake peke yake, wakulima wote wa chama watakaa wakisubiri. Kuna mwenye ada ya mtoto. Kuna mwenye mgonjwa. Kuna aliyekopa na siku ya kulipa imefika.

Basi hii si habari ya urembo wa ofisi.

Tuseme chama kimetenga shilingi 700,000. Bei hubadilika, hii ni ya mfano tu. Katibu amekwenda mjini, akarudi na habari za mashine mbili za bei hiyo hiyo. Ya kwanza ni mpya. Imo katika boksi lake, nyembamba, nyepesi, inang'aa. Ya pili imetumika. Ni nyeusi, nzito kidogo, kona zake zimechubuka, na herufi za vibonye viwili au vitatu zimeanza kufutika.

Mkutanoni wengi watainua mikono kwa ile mpya. Mzee mmoja atasema, "Chama chetu kisivae mtumba." Maneno hayo yanaeleweka. Mtu aliyetoa jasho shambani hapendi kununuliwa kitu kilichochoka. Lakini kabla ya kupiga kura, yafaa kujua kilichomo ndani ya kila moja.

Kompyuta ina sehemu mbili za kuweka mambo. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kazi. Hiyo ni kama meza ya karani. Meza ikiwa ndogo, karani hawezi kufungua madaftari mengi kwa wakati mmoja. Ya pili ni diski. Hiyo ni kama kabati la kutunzia madaftari. Zote mbili hupimwa kwa gigabaiti.

Mashine mpya za bei ya chini mara nyingi zina meza ya gigabaiti 4 na kabati la gigabaiti 64. Sasa sikiliza. Kompyuta nyingi huendeshwa na programu kuu iitwayo Windows. Toleo lake la 11 linataka meza isiyopungua gigabaiti 4, na kabati lisilopungua gigabaiti 64. Maana yake, mashine hiyo mpya inakidhi kiwango cha chini kabisa siku ile ile inapotoka kwenye boksi. Programu kuu yenyewe inajaza sehemu kubwa ya kabati. Baada ya miezi kadhaa karani atabonyeza, kisha atasubiri. Ataweza hata kwenda kunywa chai.

Je, fundi hawezi kuongeza? Katika mashine nyingi za namna hiyo, hawezi. Meza na kabati vimelehemiwa kwenye ubao wa ndani, kama fundi wa redio anavyolehemu waya. Kimoja kikifa, ubao mzima umekufa. Hapa ndipo mwandishi wa safu hii anapoacha kuvutiwa na boksi.

Ile iliyotumika ilitoka wapi? Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani huwanunulia wafanyakazi wao mashine nyingi kwa pamoja. Baada ya miaka mitatu, minne au mitano huzibadilisha. Zile za zamani huuzwa kwa jumla. Nyingine hupitia Dubai, kisha huletwa Dar es Salaam na kuuzwa Kariakoo. Zina majina yanayojulikana: ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell, EliteBook ya HP. Hizo zilitengenezwa kwa watu wa kazi, wa kufungua na kufunga kila siku. Bawaba za skrini yake ni imara. Baadhi zina matundu chini ya vibonye ili chai ikimwagika ipite isiue mashine. Aina nyingi za miaka ya karibu 2018 hufunguka kwa skrubu. Kumbukumbu ya kazi ni kipande kinachochomolewa na kuchomekwa kingine. Diski nayo ni hivyo hivyo.

Nawe unaijua habari hii kwa baiskeli. Baiskeli ya Phoenix haikupendwa vijijini kwa sababu ya uzuri. Ilipendwa kwa sababu ilibeba gunia, na fundi aliijua. Mashine iliyouzwa kwa wingi duniani ina vipuri vingi. Ile nyembamba ya bei ya chini, leo ipo dukani, kesho imekuja ya umbo jingine, na betri ya ile ya kwanza haipatikani tena.

Lakini ndugu msomaji, usikimbilie iliyotumika kwa upofu. Humo mna mitego.

Mtego wa kwanza ni umri. Tarehe 14 Oktoba 2025 watengenezaji wa Windows waliacha kuhudumia bure toleo la 10. Mashine isiyoweza kupokea toleo la 11 inabaki bila kinga mpya za kawaida dhidi ya wezi wa mtandaoni. Na baadhi ya wafanyabiashara wanazo nyingi za namna hiyo, wanataka zitoke. Utazijuaje? Mwambie muuzaji akuonyeshe jina kamili la prosesa, yaani ubongo wa mashine. Kwa zile za Intel zinazoitwa Core i5, tazama namba baada ya kistari. Ikiwa ni i5-8350, hiyo 8 ya mwanzo ni kizazi cha nane. Inafaa. Ikiwa ni i5-7300, ni kizazi cha saba. Hiyo iache. Ikiwa ni i5-1135, usidhani ni kizazi cha kwanza, ni cha kumi na moja, nayo inafaa. Wewe uliyejifunza kusoma tarakimu unaweza kulifanya hili mwenyewe, bila kumtegemea mtu mwenye suti. Ipo pia programu kuu ya bure iitwayo Linux, ambayo hufanya kazi vizuri hata katika mashine za zamani zaidi. Ila karani awe anaifahamu kwanza.

Mtego wa pili ni betri. Betri huchoka kama taa ya jua inavyochoka. Muuzaji atasema, "Inakaa saa tano." Usibishane naye. Mwombe afungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kisha aandike maneno haya: powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza taarifa yenye hesabu mbili. Moja ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani. Nyingine ni uwezo wa betri kwa sasa ikijaa. Tuseme ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 30,000. Gawa 30,000 kwa 50,000, zidisha kwa 100. Utapata 60. Betri hiyo imebakiwa na sehemu 60 katika kila 100. Kama kijiji kina umeme wa uhakika, mnaweza kuvumilia. Kama mnategemea sola au jenereta, ongezeni bei ya betri mpya katika hesabu yenu kabla ya kusema mashine ni rahisi. Baada ya hesabu hiyo, iwasheni bila chaja kwa saa nzima dukani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Mtego wa tatu ni kufuli. Mashine nyingine bado imefungwa na kampuni iliyokuwa nayo. Inawaka vizuri dukani, lakini ikifutwa na kuanzishwa upya huku imeunganishwa na intaneti, inadai anwani na neno la siri la kampuni ya ng'ambo. Hapo mnabaki na sinia. Basi ifutwe na ianzishwe upya mbele yenu, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Na iko hatari ya mali ya wizi. Mashine nzuri inayouzwa barabarani kwa nusu ya bei ina mwenyewe anayeilalamikia polisi. Chama kidai risiti ya mashine ya EFD, yenye jina la chama na namba ya kompyuta iandikwe humo. Wakaguzi wa COASCO wakija, wataitaka risiti hiyo. Neno "tulimwamini" haliingii katika vitabu vya hesabu.

Sasa, mpya ifae lini? Ikiwa hamna mtu hata mmoja wa kukagua yaliyotajwa hapo juu, nunueni mpya, katika duka lenye jina, lenye dhamana ya mwaka iliyoandikwa. Dhamana ya mdomo si dhamana. Lakini hata hapo kataeni ile ya gigabaiti 4. Subirini msimu mmoja, mwongeze fedha, mpate ya gigabaiti 8 na diski isiyopungua 256. Mashine mpya ya aina ile imara ya kazi ingekuwa bora kuliko zote, ila bei yake huwa mara kadhaa ya ile iliyotumika, na vyama vingi haviwezi.

Kwa chama chenye shilingi zile 700,000, chenye kijana anayejua kukagua, na fundi mjini anayeweza kuifungua, ushauri wetu ni ile nyeusi yenye kona zilizochubuka. Tena msimalize fedha yote kwa mashine. Bakizeni ya betri, ya mfuko wa kuzuia vumbi, na ya vijiti viwili vya kutunzia kumbukumbu, ambavyo watu huviita flashi.

Siku itakapofika ofisini, namba yake iandikwe katika daftari la mali za chama, mbele ya kamati. Aliyekabidhiwa atie sahihi. Msimu ukianza, kila jioni baada ya mizani kufungwa, karani atoe nakala ya orodha ya siku hiyo kwenye flashi zote mbili. Moja akae nayo mhazini. Ya pili ifungiwe katika sanduku la chama. Na lile daftari la karatasi la ghalani liendelee kuandikwa kama zamani, kwa kalamu ya wino.