Wagonjwa wa Ukavu Wapimwe, Wasisimangwe

Wapo miongoni mwa watumishi wa umma na walimu watu ambao kwa miaka mingi wamelalamika kwamba macho yao yanakereketa kana kwamba yametiwa mchanga, kinywa kinakauka hata ugali haushuki bila maji, viungo vinauma na uchovu hauishi hata baada ya likizo. Jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba hilo ni vumbi la chaki, au ni umri, au, baya zaidi, ni uvivu. Jibu hilo halifai hata kidogo.

Ugonjwa mmoja uletao hali hiyo unajulikana tangu zamani. Mwaka 1933 daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliandika tasnifu juu ya wanawake 19 wenye macho makavu, wengi wao wakiwa pia na ugonjwa wa viungo. (Tasnifu yenyewe haikupata alama za kumwezesha kuwa mwalimu wa chuo kikuu; leo ugonjwa unaitwa kwa jina lake.) Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na adui wa nje, hugeuka ikazishambulia tezi za machozi na mate. Wengi wa wagonjwa ni wanawake.

Wako wanaodhani kwamba kuupima ni lazima kuwe na mitambo ya fedha nyingi. Kwa hatua ya kwanza, sivyo. Kipande cha karatasi ya chujio hupachikwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Unyevu usipopita milimita 5, machozi ni pungufu. Mate nayo hutemwa kikombeni kwa dakika 15. Yasipozidi mililita 1.5, tezi zimelegea. Karatasi, kikombe na saa: ni hospitali gani ya wilaya isiyoweza kuvipata?

Hata hivyo ukavu peke yake si ushahidi kamili. Dawa nyingi hukausha kinywa, na virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya C vyaweza kuleta hali kama hiyo. Kwa hiyo mgonjwa akiombwa kupimwa virusi hivyo asione ametukanwa.

Ndipo hufuata damu, ambamo hutafutwa kingamwili iitwayo anti-Ro. Hapa ndipo kosa kubwa hutendeka: kingamwili isipoonekana, mgonjwa huambiwa ni mzima, arudi kazini. Lakini wapo wagonjwa wasiokuwa nayo kabisa. Hao hukatwa vitezi vidogo ndani ya mdomo wa chini, vikachunguzwa kwa hadubini. Katika vigezo vya kimataifa vya mwaka 2016, kingamwili na vitezi hivyo vina alama 3 kila kimoja, karatasi na mate alama 1 kila kimoja, na zinazotakiwa ni 4. Yafaa ieleweke kwamba vigezo hivyo viliwekwa kwa ajili ya utafiti, si kwa kumnyima mtu matibabu.

Madhara ya kuchelewa si kuoza kwa meno tu. Wagonjwa hawa wamo katika hatari zaidi ya kansa ya limfu, nao hawana budi kuangaliwa mara kwa mara. Mama mjamzito mwenye anti-Ro aweza, ingawa ni kwa nadra, kuzaa mtoto ambaye moyo wake unapiga polepole mno. Kliniki yapaswa kujua mapema.

Waganga wa wilaya na waanze na karatasi. Wakuu wa shule nao wasimwandikie mwalimu barua ya onyo kabla majibu hayajarudi.