Nishati ya Mwili Uliopumzika
Kiwango cha msingi cha umetaboli, yaani nishati ambayo mwili uliopumzika huitumia ili moyo upige, mapafu yavute hewa na joto lisipungue, huchukua takriban asilimia 60 hadi 70 ya mahitaji ya siku ya mtu asiyefanya kazi nzito, na ubongo peke yake hudai karibu moja ya tano ya kiwango hicho. Hata kwa wanaotembea sana, jumla ya nishati ya siku haipandi kama inavyodhaniwa: utafiti wa mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa Wahadzabe wa Tanzania, ambao hutembea mno wakiwinda na kuchimba mizizi, hawakutumia kalori nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya walipolinganishwa kwa ukubwa wa mwili, jambo linalowaumbua, wapende wasipende, wanaouza mazoezi kama dawa pekee ya unene. Anayetaka kupunguza uzito na aanze kwa kupima anachokula.