Ua Letu Ugenini

Nyuma ya nyumba yangu Mombasa nina kiwanja kidogo nilichopanda asumini, mrehani na kilua. Kwa hivyo mpwa wangu aliponialika Hannover, Ujerumani, sikumuuliza habari za majumba wala maduka. Nilimwambia, "Mwanangu, nipeleke penye miti." Akaitika, "Haya, mjomba."

Alinipeleka Eilenriede. Huu ni msitu wa zaidi ya hekta 600, nao umo mjini hasa. Wenyeji walipewa mwaka 1371, na hadi leo ungalipo. Watoto wanacheza, wazee wanatembea, na hapana mlango wala tikiti.

Siku ya pili tukaenda sokoni. Hapo niliona vijiua vya zambarau ndani ya vyungu, majani yake yana manyoya laini kama mahameli. Muuzaji, bibi mtu mzima, akanitajia jina: Usambaraveilchen. Kijerumani sikijui, lakini mwanzo wa neno lile ulinigutua. Usambara! Si ile milima ya jirani zetu, ng'ambo ya Lungalunga?

Naam, ndiyo. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea babake mbegu. Baba akazifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, papo hapo Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalipa ua jina la ukoo wa afisa yule: Saintpaulia. Leo limezalishwa aina maelfu, na limejaa madirishani Ulaya na Marekani.

Bibi yule alitaka kuniuzia chungu kimoja. Sikununua. Niliona haya kununua changu ugenini.

Msomaji, sisemi haya kwa kuwalaumu Wajerumani. Wao walilipenda ua wakalitunza. Lawama ni yetu. Ndugu wa ua hilo huota Kilifi, upande wa Kaloleni, juu ya majabali ya chokaa yenye kivuli, naye yumo katika hatari kubwa ya kutoweka. Kivuli kikikatwa, naye amekwisha. Ni wangapi kati yetu tunaomjua? Wahenga hawakukosea: penye miti hapana wajenzi.

Najua yuko atakayesema, "Wazungu wana fedha." Lakini Eilenriede haukudumu kwa fedha peke yake. Umedumu kwa sababu kila kizazi kilikubali kwamba msitu ni wa wote. Na jambo hilo si geni kwetu. Wazee wa Kimijikenda waliilinda misitu ya kaya kwa miiko, bila askari wala ua wa waya, na mwaka 2008 UNESCO iliitia katika urithi wa dunia. Walimwengu wameitambua, sisi twaulizana bei ya viwanja.

Maoni yangu ni haya. Kaunti zetu za Pwani ziorodheshe kila uwanja wa umma na kila kichaka kilichosalia, na orodha ibandikwe mahali raia wataisoma. Na walimu wawapeleke watoto wakayaone maua ya kwao yangali hai.

Chuoni tulifunzwa kwamba apandaye mti, akala ndege au binadamu, huandikiwa sadaka. Akataye je?

Kiwanjani kwangu nimeacha pembe moja tupu, penye jiwe na kivuli. Siku mtu wetu atakapoliotesha ua la Kilifi kwa njia ya halali na kuliuza Mombasa, mnunuzi wa kwanza ni mimi.