Filtri ya mazuti: tuibadilishe wenyewe nyumbani



Tuliahidi kwamba katika ukurasa huu tutaeleza mambo yote ya kamionete yetu, mazuri na mabaya. Leo tunaanza na baya, kwa sababu ndilo lililotufundisha.

Mnajua wote namna tulivyoipata ile Hilux. Miaka miwili ya kuweka akiba, kila mama na karatasi yake, hadi kasi ya kijani ikatosha. Inapandisha ndagala kutoka Uvira kwenda Bukavu, inarudi na maharagwe na unga, na usiku ikiitwa inapeleka mama kwenye maternite. Kwa hiyo ikisimama, si gari tu limesimama.

Siku ile ilisimama Ngomo, katikati ya mlima, saa kumi na moja ya jioni, mvua ikinyesha. Tangu Sange gari lilikuwa linavuta kwa shida. Kwenye tambarare ya Ruzizi shoferi hakujali sana, lakini baada ya Kamanyola, mlima ulipoanza, nguvu zikaisha kabisa. Moteri ilikohoa mara tatu, ikazimika. Ndani kulikuwa na mama mwenye mtoto wa miezi minane, aliyekuwa na randevu ya hospitali Bukavu kesho yake asubuhi. Nyuma kulikuwa na mifuko saba ya ndagala kavu. Walilala pale. Bashi ilikuwa na tundu, maji yakaingia, na mifuko mitano ikaharibika. Mtoto alifika hospitali akiwa amechelewa, na tunamshukuru Mungu alipokelewa vilevile.

Lori moja lilituvuta hadi Bukavu. Garaji ya kwanza ilifungua kapo, ikatazama dakika tano, ikasema: pompi imekufa, injekteri nazo zimekufa, leteni dola 650. Kasi ilikuwa na 410. Mama mweka hazina alikaa chini akalia. Ndipo shemeji wa mwenzetu mmoja, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, alipokuja na kle moja na chupa tupu ya konfitiri. Alifungua kirobineti kidogo chini ya filtri ya mazuti. Maji yakatoka, karibu glasi nzima. Akanunua filtri mpya ya dola 15, akaiweka, akapompa kwa mkono, gari likawaka.

Dola 15, mama wapenzi. Hatusemi kwamba kila gari likizimika ni filtri. Tunasema kwamba huanzwa na filtri kabla ya kuuza mbuzi.

Filtri inafanya kazi gani?

Mazuti yanatoka kwenye tanki, yanapita katika filtri, yanaingia pompi kubwa, kisha injekteri zinayapuliza ndani ya moteri. Pompi na injekteri zina matundu madogo sana. Tena hazina oili yao: mazuti yenyewe ndiyo yanayozilainisha. Maji hayalainishi kitu, yanaleta kutu. Mchanga unakwaruza chuma. Filtri ni mlinzi wa mlango: inazuia uchafu, na maji yanabaki chini yake kwa sababu maji ni mazito kuliko mazuti. Lakini mlinzi naye anachoka. Chini pakijaa maji, na karatasi ya ndani ikiziba, moteri inakosa chakula.

Mazuti yanayotufikia yamesafiri sana: bahari, bandari, lori, tanki, fiti, bidoni. Kila mara yanapohamishwa, maji na vumbi vinaweza kuingia.

Alama za kuangalia

Gari linapoteza nguvu mlimani. Asubuhi linawaka kwa shida. Linatetemeka likiwa limesimama. Moteri inazimika, ukingoja kidogo inawaka tena, kisha inazimika. Kwenye Hilux yetu kuna pia taa ya manjano ya filtri kwenye tabulo. Ikiwaka, maji yamejaa chini. Siku ile iliwaka Sange. Shoferi alidhani ni waya. Hatumlaumu peke yake, kwani hakuna hata mmoja wetu aliyejua taa ile inasema nini.

Kabla ya kuanza

Chagua mahali pa sawasawa, gari lizimwe na lipoe. Frein ya mkono ivutwe, jiwe liwekwe chini ya pine. Mbabula ya makaa iwe mbali, sigara iwe mbali, watoto wawe mbali. Mazuti hayashiki moto upesi kama esanse, lakini yakimwagika juu ya chuma cha moto yanaweza kuwaka.

Tayarisha: filtri mpya, beseni, chupa ya kioo, vitambaa safi visivyotoa nyuzi, kle ya filtri ya mkanda, sabuni na maji. Ukienda kununua, beba filtri ya zamani au namba yake. Usinunue kwa kutazama umbo tu: mbili zinaweza kufanana nje, na njia za vidude vyake zikatofautiana. Fungua boksi palepale dukani. Mpira wa duara uwe ndani, chuma kisiwe na kutu wala kubonyea. Boksi lililokwisha kufunguliwa na kufungwa tena na skochi, liache.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza, funika nywele, vua pete, kunja mikono ya nguo. Safisha kwa kitambaa sehemu yote inayozunguka filtri. Vumbi la barabara yetu likiingia sasa, kazi yote ni bure.

Pili, weka beseni chini. Chomoa polepole waya ulio chini ya filtri, ule wa kutambua maji. Unavutwa kwa kushika kichwa chake cha plastiki, si kwa kuvuta waya.

Tatu, fungua kirobineti cha chini kwa vidole. Kinga kwa chupa ya kioo, uiache itulie. Ukiona tabaka mbili, maji yako chini na mazuti juu. Mwonyeshe shoferi. Chupa ile ni somo kuliko mkutano.

Nne, fungua filtri kwa kuizungusha upande wa kushoto. Ikigoma, tumia kle ya mkanda. Usiipige na bisibisi kama wanavyofanya wengine, kwani vipande vya chuma vinaweza kuingia njiani. Itashuka ikiwa imejaa mazuti, kwa hiyo ishike wima.

Tano, angalia kichwa kilichobaki juu. Mpira wa zamani mara nyingine unabaki umebandika pale. Uondoe. Mipira miwili ikikutana, filtri itavuta hewa, na gari halitawaka.

Sita, toa kile kidude cha kutambua maji chini ya filtri ya zamani, kisafishe, ukifunge kwenye mpya pamoja na mpira wake mpya. Wengi wanakitupa pamoja na filtri ya zamani, halafu wanarudi kukitafuta kwenye takataka.

Saba, paka mazuti safi kidogo kwenye mpira wa juu. Funga filtri kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au fuata kilichoandikwa juu yake. Kwa mkono tu. Kle ni ya kufungulia, si ya kufungia.

Nane, usijaze filtri kwa mazuti ya bidoni. Fundi wengi wanafanya hivyo ili gari liwake haraka, lakini ukiyamimina kwenye tundu la katikati, yanapita upande uliokwisha kuchujwa na kwenda moja kwa moja kwenye injekteri na uchafu wake. Hilux yetu ina pompi ndogo juu ya filtri. Hakikisha kirobineti kimefungwa, rudisha waya, kisha bonyeza ile pompi kwa kiganja tena na tena. Mwanzoni ni laini. Mazuti yakifika inakuwa ngumu. Mkono utachoka, badilishaneni.

Tisa, washa gari. Usishike stata zaidi ya sekunde 10. Ngoja kidogo, jaribu tena. Likishaanza, liache lingurume dakika chache, na utazame kama hakuna tone linalovuja. Tazama kwa macho, na gusa filtri kwa karatasi kavu. Usipeleke mkono kwenye tiyo nyembamba za chuma zinazokwenda kwenye injekteri wakati moteri inazunguka. Kwenye moteri za sasa mazuti yanapita pale kwa nguvu inayozidi bari 1000, na yakipenya ngozi ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo kama la sindano.

Jambo linalotuhusu sisi mama

Mazuti machafu yaliyotoka yasimwagwe kwenye mfereji. Mfereji unakwenda ziwani, na ziwa ndilo linalotulisha. Yaweke kwenye bidoni yenye alama na mfuniko, mbali na jiko.

Usiyaweke kamwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi alama. Mtoto akinywa mazuti, usimtapishe, wala usimlazimishe maziwa au mafuta ya mawese ili atapike. Yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mkimbize kituo cha afya, na useme wazi amekunywa nini. Wala tusipake mazuti kichwani mwa watoto kwa ajili ya chawa, wala kwenye vidonda.

Mama anayenyonyesha anaweza kufanya kazi hii, ila anawe kwa sabuni na abadilishe nguo kabla ya kumshika mtoto.

Yale yaliyotokea mkutanoni

Wengine wanauliza kwa nini hatukusema yule mazuti tulimnunulia nani. Tutasema tunachoweza. Mazuti yale hayakutoka stesheni. Yalitoka kwa kadafi wa kando ya barabara, na kadafi yule ni mwenzetu wa chama. Alisimama mwenyewe mbele ya wote, kabla hajatajwa. Alisema bidoni zake zinalala nje, mifuniko miwili imepasuka, na juma lile mvua ilikuwa kubwa. Alisema: hata mimi mifuko yangu miwili ya ndagala ilikuwa mle ndani.

Palikuwa na kelele. Wengine walitaka atoke katika chama. Wengine walisema, akitoka atakula nini na watoto watano? Mwisho tulikubaliana hivi. Kasi nyekundu, ile ya msaada, imelipa nusu ya hasara ya mifuko mitano. Yeye hakufukuzwa, lakini hatununui kwake hadi apate bidoni zenye mifuniko mizima na aziweke chini ya paa, juu ya ubao. Tutakwenda kuangalia. Kuna mama wawili ambao bado hawajaridhika, na tunawaelewa, kwani nusu si mzima.

Sheria zetu tangu sasa

Mazuti ya bidoni yatulie usiku mzima, na yakimiminwa, vidole vitatu vya chini vibaki ndani ya bidoni. Kitambaa kwenye faneli kinazuia mchanga, lakini maji yanapita, kwa hiyo tusijidanganye na kitambaa. Tanki lisilale karibu tupu, kwa sababu hewa ya ndani inatoa jasho usiku, na jasho ni maji.

Kila jumamosi kirobineti cha filtri kinafunguliwa hadi yatoke mazuti safi, kisha kinafungwa na kupompwa. Filtri yenyewe tutaibadilisha kila kilometa 10 000, au mapema zaidi gari likionyesha alama. Tarehe na kilometa vinaandikwa kwenye kaye ya gari, na mama mmoja anatia sahihi pamoja na shoferi. Filtri moja mpya inakaa daima chini ya kiti, pamoja na kle ya mkanda. Taa ya manjano ikiwaka, gari linasimama kabla ya mlima, si juu yake.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tutafanya kazi hiyo mbele ya ofisi ya chama. Mzee wetu atakaa kwenye kiti na kutazama. Mikono itakuwa yetu. Vikundi vyenye gari au jenereta ya mazuti vilete mtu mmoja mmoja, maana jenereta nyingi zina filtri ya namna hiyo. Leteni vitambaa vya zamani na chupa za kioo. Mwenzetu mwuza mazuti ameomba awe wa kwanza kufungua kirobineti, na tumemkubalia.

Mtoto wa Ngomo anaendelea vizuri. Mama yake anawasalimu.