Bei isiyoandikwa ni kodi ya mgeni

Kampala haiko mbali na mashariki ya Kongo. Mfanyabiashara wa Butembo anavuka mpaka pale Kasindi, mtu wa Rutshuru anapitia Bunagana au Ishasha, na wote wanafika katika mji mmoja. Huko kuna Kikuubo, ambapo wenye maduka wananunua vitu kwa jumla. Kuna hospitali kubwa ya Mulago, ambapo familia zinapeleka wagonjwa wao. Kuna vyuo vikuu. Na kuna maelfu ya watu ambao hawakwenda kununua wala kusoma, bali vita iliwatoa kwao. Uganda ndiyo inchi ya Afrika inayopokea wakimbizi wengi kuliko zote, zaidi ya milioni moja na nusu, na kati yao Wakongomani wanapita nusu milioni. Wengi wako kambini, lakini wengine wamepanga vyumba Nsambya, Katwe na Makindye, ndani ya Kampala yenyewe.

Watu hawa wamezoea safari ngumu. Wamepita kwenye barabara mbovu, vizuizi na mistari mirefu ya mpakani. Hata hivyo, wengi wakiulizwa ni kitu gani kinawachosha kila siku Kampala, hawataji mpaka. Wanataja kilomita tano za kutoka nyumbani hadi hospitali, sokoni au kwenye ofisi ya makaratasi. Wanataja bisi.

Bisi za Kampala, ambazo wenyeji wanaziita taksi au kamunye, ni gari ndogo nyeupe zenye mstari wa vipande vya buluu ubavuni. Kibali chake ni cha abiria 14. Nyingi zinaanza na kuishia kwenye parkingi kubwa za katikati ya mji, ile ya zamani na ile mpya. Gari haina saa ya kuondoka: inaondoka ikijaa. Mara nyingine mgeni anaona watu kumi wameketi ndani, anapanda haraka akifikiri safari inaanza, kisha mmoja mmoja wanashuka. Walikuwa vijana wa parkingi waliowekwa pale ili gari ionekane karibu kujaa. Na kwa sababu njia nyingi zinakutania katikati ya mji, mtu wa Nsambya anayekwenda Mulago analipa mara mbili: gari ya kwanza hadi mjini, gari ya pili kutoka mjini.

Hayo yote mtu anaweza kuyavumilia. Jambo gumu zaidi ni bei. Kwa kawaida abiria hapewi tiketi, wala hakuna karatasi ya bei iliyobandikwa ndani ya gari. Bei inatoka kinywani mwa kondakta. Mwenyeji anaijua kabla ya kupanda. Gari ikikaribia kituo chake anatoa noti, anasema neno moja, anashuka. Mgeni hajui, kwa hiyo anauliza. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Ndani ya bisi ya Kampala, kuuliza kuna bei yake, kwa sababu yule anayeuliza amekwisha kujitangaza kuwa hajui, na yule anayejibu ndiye anayepokea pesa.

Safari ya shilingi 1000 mchana inaweza kuwa 2000 jioni, na mvua ikianza kunyesha inaweza kupanda tena kabla abiria hajafunga mwavuli. Bei hiyo ya mvua inamwumiza hata Mganda. Tofauti ni kwamba Mganda anajua bei ya kawaida ni ngapi, anaweza kubishana, kukataa, au kungoja gari nyingine. Mgeni hana mahali pa kusimamia. Akitoa noti ya shilingi 10 000, anabaki akifikiria kama atarudishiwa pesa yake. Huko pesa ya kurudisha inaitwa balansi, na asiyeijua hiyo neno anaweza kushuka akiwa ameiacha mkononi mwa kondakta.

Lugha ndiyo mlango wa pili unaofungwa. Kuomba gari isimame, abiria wa Kampala wanasema "maaso awo", yaani hapo mbele. Mtu asiyejua neno hilo anapita kituo chake, anashushwa mbali, kisha analipa tena kurudi. Mkongomani anafikiri Kiswahili kitamwokoa, kwani Uganda iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini Kampala si Goma. Kwa miaka mingi watu wengi wa mji huo walikisikia Kiswahili kwenye midomo ya wanajeshi, hasa wakati wa utawala wa Idi Amin, na hofu hiyo haikuisha siku moja. Katiba ya Uganda ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwezi wa saba mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Huo ni mwendo mzuri. Lakini kondakta wa leo alimaliza shule kabla ya uamuzi huo, na lugha ya parkingi ni Luganda.

Kuna hatari nyingine isiyohusu pesa. Kongo, kama Rwanda na Burundi, gari zinatembea upande wa kuume. Uganda zinatembea upande wa kushoto. Mtu aliyekulia Bukavu ameshika tangu utoto kutazama kwanza kushoto kabla ya kuvuka barabara. Kampala, gari ya kwanza kumfikia inatoka kuume. Pikipiki nazo, zile boda boda, zinapita katikati ya mistari ya gari, na nyingine hata upande usio wake. Mgeni aliyeshushwa pasipo kituo chake, jioni, akiwa na mzigo kichwani na mtoto mkononi, ndiye mtu aliye hatarini kuliko wote barabarani.

Wengine watasema haya ni malalamiko madogo. Pesa kidogo hazimwui mtu. Wanasahau ni nani anayezilipa. Mkimbizi aliyechagua kuishi mjini kwa kawaida hapati chakula wala kiwanja kama wale wa kambi za Nakivale au Kyangwali. Anaishi kwa kuuza vitenge, kusuka nywele, kushona. Kwake, shilingi 2000 za ziada asubuhi na 2000 jioni ni unga wa siku. Anayeshindwa kulipa anatembea kwa miguu. Anayetembea anachelewa. Na anayechelewa siku ya kuitwa kwa ajili ya makaratasi, au siku ya kumwona daktari, anaweza kurudishwa nyumbani na kupewa tarehe nyingine, wiki au miezi mbele. Ndivyo bei ya bisi inavyogeuka kuwa bei ya karatasi, na bei ya matibabu.

Ni haki pia kutazama upande wa pili. Kondakta na dereva wa Kampala si wezi wa kuzaliwa. Mara nyingi gari si yao. Kila jioni wanapaswa kumletea patroni kiasi kilichopangwa, iwe walipata abiria au walikaa saa tatu kwenye msongamano. Mafuta wanalipa wao, na vijana wa parkingi wanataka chao. Kinachobaki ndicho mshahara. Mtu anayefanya kazi namna hiyo anatafuta faida pale ilipo rahisi, na hakuna pahali rahisi kuliko mfuko wa asiyejua. Motari wa Goma anayefanya hesabu ya patroni wake kila jioni anaielewa hesabu hiyo vizuri sana.

Kwa hiyo dawa si kumhubiria kondakta awe na huruma. Dawa ni kumwondolea mgeni lazima ya kuuliza. Miji mingine ya jirani imeonyesha kwamba inawezekana. Dar es Salaam, mji ambao wafanyabiashara wa Lubumbashi na Bukavu wanaujua kwa sababu ya bandari na Kariakoo, daladala imeandikwa mbele inakotoka na inakokwenda, na nauli inapangwa na kutangazwa na mamlaka ya serikali. Daladala zinajaa, watu wanasukumana, makondakta wanapiga kelele. Hakuna anayesema ni peponi. Lakini mtu anayejua kusoma anajua anakwenda wapi, na bei si siri ya wenyeji. Nairobi, matatu nyingi zina namba za njia. Kampala yenyewe imejaribu. Mwaka 2012 mabasi makubwa yalianza kutembea mjini, lakini hayakudumu. Tangu 2014, kampuni ya SafeBoda ilianza kuonyesha kwamba pikipiki inaweza kuitwa kwa simu, na bei ikaonekana kabla ya safari kuanza. Tatizo ni kwamba njia hiyo inataka simu ya kisasa, intaneti, na laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho, vitu ambavyo mkimbizi wa wiki ya kwanza mara nyingi hana.

Kongo ilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na mwezi wa saba mwaka huohuo ikawa memba kamili. Tangu hapo viongozi wanazungumza sana juu ya soko moja, forodha na viza. Ni mambo ya maana. Lakini raia wa kawaida hakutani na jumuiya hiyo kwenye mkutano wa Arusha. Anakutana nayo mlangoni mwa bisi, pale anapotamka neno la kwanza na kila mtu anageuka kumtazama. Ikiwa inchi hizi zinaweza kupatana juu ya ushuru wa saruji na mafuta ya kula, hazishindwi kukubaliana kwamba kila parkingi kubwa ya mji iwe na ubao wa bei, kwa lugha ya mahali na kwa Kiswahili, na namba ya simu ya kupeleka malalamiko. Ubao hauhitaji mkopo wa benki.

Wakati wa kungoja ubao huo, kuna kazi ambayo jumuiya za Wakongomani wa Kampala, makanisa na misikiti yao wanaweza kuifanya kesho asubuhi. Karatasi moja tu inatosha: bei ya kawaida ya njia kuu, maneno kumi ya Luganda ya ndani ya gari, jina la kituo kilicho karibu na hospitali na ofisi. Wazoefu wanajua yaliyobaki. Usimwulize kondakta bei. Mwulize mwenye duka kabla ya kupanda, au abiria aliye kando yako. Tembea na noti ndogo. Keti karibu na mlango. Ukishuka, tazama kuume kwanza. Mashauri haya yanapita kinywa kwa kinywa kati ya waliokaa muda mrefu, lakini anayeyahitaji zaidi ni yule aliyefika jana na asiyejua mtu.

Linabaki swali ambalo si la Waganda. Mgeni akifika Goma, Bukavu, Beni au Bunia, anakuta nini? Wakubwa wa miji wanatia sahihi barua za bei ya transporti, lakini abiria wangapi wamewahi kuiona barua hiyo imebandikwa ndani ya gari? Usiku ukiingia, motari anataja bei yake. Kinshasa na Lubumbashi, dereva anakata njia katikati, wanaita "demi-terrain", ili abiria alipe mara mbili kwa safari moja. Mkenya au Mganda aliyekuja kufanya biashara anatajiwa bei kwa dola. Na si mgeni wa inchi nyingine tu: mama aliyekimbia kutoka Masisi, asiyejua njia za Goma, anatozwa kama mtalii na motari anayezungumza lugha yake mwenyewe.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ilikuwa sifa ya ukarimu; ndani ya bisi imekuwa hesabu, mwenyeji anapona kwa mfuko wa mgeni. Mkongomani anayelalamika Kampala ana haki ya kulalamika. Atakuwa na haki mara mbili siku ambayo, akirudi nyumbani, atamdai meya wake ubao uleule anaoudai kule: bei imeandikwa, inasomeka, na ni ileile kwa aliyezaliwa hapo na kwa aliyeshuka sasa hivi.