Nyani wa jalalani na mama yangu mdogo

Wiki iliyopita nilikuwa safarini kikazi, kutoka hapa Babati kwenda Karatu. Tulipopita Mto wa Mbu, karibu na geti la Hifadhi ya Ziwa Manyara, abiria mmoja akamrushia nyani pakiti ya biskuti. Nyani akaichana kama mtu aliyezaliwa dukani. Gari zima tukacheka, na mimi nikiwemo.

Kicheko kilinikatika nilipomkumbuka mama mdogo. Mwaka jana aligundulika ana kisukari. Anashinda kwenye kiti dukani kwake, asubuhi chai yenye sukari ya kutosha, jioni soda. Ukoo mzima umeshaamua kwamba ugonjwa huo "uko kwenye damu yetu". Mimi nina wasiwasi na hukumu hiyo, na mashahidi wangu ni nyani.

Pale Amboseli, Kenya, chini ya Kilimanjaro, Jeanne na Stuart Altmann walianza mwaka 1971 utafiti wa nyani ambao unaendelea hadi leo. Kundi moja la nyani hao liligundua jalala la loji ya watalii. Majirani zao waliendelea kuchimbua vishina vya nyasi na kutafuta mbegu kutwa nzima, wakati wa jalalani wanashiba upesi na kukaa. Walipopimwa, majike wa jalalani walikuwa na mafuta karibu asilimia 23 ya uzito wa mwili. Wa porini, karibu asilimia 2! Utafiti uliochapishwa 2002 ukaonyesha pia kuwa insulini na lehemu katika damu ya wala jalala zilikuwa juu zaidi. Na hawa si ukoo tofauti, ni nyani wale wale wa mbuga ile ile.

Ndiyo maana naona nyani huyu anatufaa kuliko kima wa kizimbani. Kule Marekani maabara mbili, ya Wisconsin na ya Maryland, zilipunguzia kima chakula kwa zaidi ya miaka 20 ili kuona kama wataishi zaidi. Mwaka 2009 Wisconsin wakasema ndiyo. Mwaka 2012 Maryland wakasema hapana. Sababu mojawapo? Chakula cha Wisconsin kilikuwa na sukari karibu asilimia 28, cha Maryland kama asilimia 4. Yaani aliyeandaa sahani ndiye aliyechangia kuandika jibu.

Sawa, nyani si mtu. Hapiki ugali wala hana bili za kulipa. Lakini wewe unayesoma haya umekaa tangu saa mbili asubuhi, chipsi mayai mezani, una tofauti gani na kundi la jalalani?

Nilimsimulia mama mdogo yote hayo. Akanitazama kwa muda.

"Kwa hiyo mwanangu umesoma chuo kikuu uje unifananishe na nyani?"

Akacheka, kisha akamtuma mtoto soda. Ya baridi.