Wacheni Kuuzia Shosho Zetu Mafuta ya Magoti

Leo nakuja kwa wenzangu wa kutengeneza vidio. Wale wa "chupa moja tu na goti linarudi kama la kijana." Mnajijua. Mnaonyesha mzee na mkongojo, mnakata, anatokea akicheza densi. Laiki zinamwagika, namba ya M-Pesa iko hapo chini, kazi kwisha.

Shida ni kwamba kuna mtu ushago ameamini.

Turudi kwa biolojia ya sekondari. Mwisho wa mfupa kuna gegedu, ile kitu nyeupe nyororo unaona kwa paja la kuku. Ikilika, mfupa unasuguana na mfupa. Gegedu haina mishipa yake ya damu, kwa hivyo haijirekebishi vile ngozi hujirekebisha. Hakuna mafuta ya kupaka yanaiotesha upya. Hata dawa ya kumeza ya kufanya hivyo bado haijapatikana. Sasa chupa yako ya elfu mbili imetoa wapi huo uwezo?

Kitu kinaniudhi zaidi ni ule uongo mnatumia kuuza: "Ukienda upasuaji wanakuwekea chuma, na baada ya miaka kumi kimeisha." Nani aliwaambia?

John Charnley alianza kubadilisha nyonga kwa chuma na plastiki ya aina mpya Uingereza mwaka wa 1962. Si majaribio ya jana. Mwaka wa 2019 jarida la Lancet lilichapisha hesabu ya watu waliofuatiliwa miaka mingi, wengi wao wa Finland na Australia. Baada ya miaka 15, karibu nyonga 89 kwa kila 100 zilikuwa bado ziko mahali pake. Magoti, karibu 93. Baada ya miaka 25, nyonga ni kama 58 na magoti yaliyobadilishwa yote ni kama 82. Na hizo ni za watu waliopasuliwa zamani, kabla plastiki ngumu zaidi ya siku hizi haijaenea.

Miaka 25, buda. Gari lako litafika?

Sisemi kila mtu akimbilie kisu. Kwanza ni mazoezi ya kuimarisha misuli na kupunguza uzito kama umezidi. Hizo ni bure na zinasaidia kweli. Na upasuaji una ubaya wake: maambukizi, damu kuganda, nyonga kuchomoka, kiungo kulegea. Kwa magoti, karibu mtu mmoja kati ya watano hubaki hajaridhika. Lakini daktari mzuri atakwambia hayo yote kabla hujatia sahihi. Muuza chupa hajawahi kukwambia hata moja.

Na usidhani hii ni stori ya wazee pekee. Ugonjwa wa selimundu uko sana magharibi mwa Kenya na Pwani, na unaweza kukata damu kwa kichwa cha mfupa wa paja hadi kife. Hapo unapata msee wa miaka 24 anachechemea. Kwake hesabu ni ngumu zaidi. Uchunguzi wa Uingereza wa 2017 ulionyesha mtu akipasuliwa baada ya miaka 70, uwezekano wa kurudiwa maishani ni kama asilimia 5. Kwa wanaume wa miaka hamsini na kitu, unafika asilimia 35. Ukiwa mdogo zaidi, panga kabisa kwamba siku moja utarudi kitandani. Huyo kijana anahitaji ukweli, si densi yako.

Sasa na serikali nayo isikie. Hizo namba tunazijua kwa sababu kuna nchi huandika. Sweden ilianza daftari la magoti 1975. Kila upasuaji unaingia: kifaa gani, lini, na kama kilirudiwa. Nyonga ya chuma kwa chuma ya DePuy, ile ya ASR, iliondolewa sokoni dunia nzima 2010 kwa sababu madaftari kama ya Australia na Uingereza yalionyesha inaharibika mapema. Bila daftari, kila mgonjwa angedhani ni bahati yake mbaya. Na msiseme ni mambo ya matajiri: Malawi ilianza daftari lake 2005. Mtu akikatwa pesa ya SHA kila mwezi, ana haki ya kujua viungo vinavyowekwa hapa vinadumu vipi.

Na sisi wajukuu pia. Mazishi yakitokea, kundi la WhatsApp linaundwa usiku huo huo na pesa zinaingia. Shosho akiwa hai na hawezi kufika chooni bila kushikwa, tunamtumia diklofenaki ya duka la dawa mwezi baada ya mwezi, ile ile inayoweza kumtoboa tumbo na kuchosha figo. Na akingoja mpaka misuli iishe, hata upasuaji wenyewe hautampa kile ungempa mapema.

Kwa hivyo mpeleke kwa daktari wa mifupa. Uliza kifaa ni cha aina gani, amefanya wangapi, na nani atamfanyisha mazoezi akitoka. Kadi ya kifaa iweke salama kama kitambulisho.

Na wewe wa chupa, nitumie picha ya eksirei, kabla na baada. Nangoja.